Chombo Kinachojiosha

Jumatatu, 3 Machi

Iandikwe kwa taadhima: leo saa nne kasoro robo, ndani ya stoo, kati ya feni iliyokufa na katoni za karatasi, nimezindua Chombo. Mgeni rasmi: mimi. Waliohudhuria: mimi.

Watu wa kompyuta husema kontena. Mimi nasema chombo, maana ndivyo nilivyoelewa. Ile programu ya takwimu, iliyokuwa ikiugua ugonjwa tofauti kwenye kila kompyuta ya ofisi, sasa inakaa kwenye chombo kimoja, ndani ya mashine moja ya stoo. Wenzangu wanafungua kivinjari, wanaandika anwani na nywila, wanafanya kazi. Hakuna aliyenifundisha. Nimejifunza kwa kuchungulia mabegani mwa watu.

Na kwa kuwa sipendi vyombo vichafu, nimeongeza neno moja kwenye amri: kikizimwa, kijifute chenyewe. Ukiwasha tena unaanza na kisafi. Mama alinilea hivyo.

Jumanne, 11 Machi

Wifi ameanza kutumia Chombo. Yaani dada wa mume wangu – mkunga, anasoma shahada ya pili, amepewa meza hapa kwetu. Anapima kama watoto wanaozaliwa miezi ya joto ni wepesi kuliko wa miezi ya baridi. Tarehe 24 anasimama mbele ya jopo. Akianguka anarudi wodini mikono mitupu. Ruhusa yake ya masomo inakwisha mwezi huu.

Mkuu wa ofisi alichungulia mlangoni, akauliza kama wifi ipo. Nikamjibu yupo, amekaa dirishani. Akaenda zake akitikisa kichwa.

Tangu harusi, wifi huniita "yule wa kaka". Leo ameniita wifi. Miaka sita!

Jumatano, 19 Machi

Amepata. Watoto wa joto ni wepesi kwa gramu mia mbili. Aliniita nione mchoro – mistari miwili imeachana kama majirani waliogombania ukuta.

"Wifi, umenitoa mbali," akasema.

Nikajifanya nafuta vumbi kwenye kibodi.

Alhamisi, 20 Machi

Saa saba mchana mashine ya stoo ilianza kukoroma. Nikazima Chombo, nikakiongezea kumbukumbu, nikawasha. Sekunde nane. Nikajipongeza.

Halafu sauti ya wifi: "Mbona peupe?"

Peupe kabisa. Uzito wa watoto upo, anao kwenye flashi. Lakini siku tisa za maagizo – alivyosafisha, alivyogawa, alivyokokotoa – alikuwa akizihifadhi humo humo ndani ya Chombo. Na mchoro pia. Sikumwonya. Sikujua hata kuna cha kuonya.

Nimesoma amri yangu mara tano. Ni ile ile. Nimeosha sahani na chakula cha mtu kikiwamo.

"Nimebonyeza nini, wifi?"

Nikasema tutaangalia. Tutaangalia! Kama vile kuna la kuangalia.

Ijumaa, 21 Machi

Mama mkwe kapiga simu. Anashukuru ninavyomsaidia bintiye, maana binti mwenyewe kamwambia ana mkono mzito, kaiharibu kazi yake kwa kidole chake. Nikasema asante mama.

Sijala. Mume kauliza naumwa nini. Nimesema jino.

Jumamosi, 22 Machi

Ofisi tupu, sisi wawili. Kabla hajakaa nikamwambia. Si wewe, ni mimi. Nilikiamuru mwenyewe kijifute.

Akashusha mkoba mezani.

"Na jana ukamwacha mama anihurumie?"

"Nilimwacha."

"Haya. Yule wa kaka, kaa hapo uchape."

Nikakaa. Neno lile la usafi nimeliondoa, na faili sasa zinaandikwa kwenye folda iliyo nje, Chombo kife kisife. Yeye akakumbuka, mimi nikachapa. Kila nikikosea herufi alingoja tu niifute. Heri angetukana.

Saa kumi tukafika kwenye mchoro. Mistari imelaliana. Tukarudia toka mwanzo. Imelaliana.

"Ile ya kwanza ilisema mia mbili," akasema, taratibu.

Labda safari ile aliingiza rejista moja ya wodi mara mbili. Labda leo tumeiruka moja. Akanigeukia, na kwa mara ya kwanza leo akanitazama usoni.

"Ipi ya kweli, wifi?"

Ya kulinganisha nayo niliifuta mimi. Jopo ni keshokutwa. Naandika haya yeye akiwa bado ameinamia kioo, kidole chini ya tarakimu, midomo ikitembea.

Miezi ya joto, kilo 3.1. Miezi ya baridi, kilo 3.1.