Kipepeo wa Mlimau wa Matinyani

Dada Mumbua,

Mko salama huko nyumbani? Huku Matinyani jua ni kali, lakini mwenyeji wangu Mama Syombua ananilisha muthokoi mpaka sketi inakataa kufungika.

Unajua nimekuja kuchora vipepeo wa kitabu cha watoto. Ninafuata njia ya yule mama Mwingereza wa enzi za Malkia Victoria, aliyefuga viwavi nyumbani kwake ili awachore tangu yai mpaka mabawa. Picha zake bado zinang'aa. Shida ni kwamba viwavi niliowataka walikuwa wanakula mlimau wa Mama Syombua, naye alishachanganya dawa ya kuwapulizia. Nikamwomba aniachie tawi moja tu.

"Wewe ni mgeni wa ajabu," akasema, lakini akalifunika tawi kwa neti yake ya mbu.

Leo asubuhi kipepeo ametoka kwenye kifukofuko chake, mweusi mwenye madoa ya manjano. Yule Mwingereza angemuua, amdunge pini, halafu achore polepole. Mimi pia nilishashika pini.

Mama Syombua akaniuliza kwa upole, "Tumemlinda hivi ndio umuue?"

Nikaiweka chini, nikachora haraka mabawa yakikauka. Kipepeo aliruka kabla sijamaliza bawa la kushoto. Mama Syombua akaitazama picha, akasema mlimau huo hataupulizia dawa tena.

Wakumbatie watoto, na umwambie baba sijakonda.

Mdogo wako,
Ndinda