Piramidi ya Wambaa

Wambaa, Pemba
Jumamosi, 7 Septemba 2024

Kwa kaka yangu Hafidh,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Hujambo wewe, wifi hajambo, na hao wanao ambao mimi shangazi yao nawajua kwa picha za simu tu, hawajambo? Yule mdogo ameacha kukohoa? Huku sisi tu wazima wa kula na kusema, alhamdulillah. Wa kutembea sote sisemi, maana hapo kuna mmoja wetu kunamshinda, na habari yake iko humu ndani. Mama, Bi Mkubwa wetu, anakusalimu sana. Anakuulizia kila siku kama mtu aliyeondoka jana.

Najua utashangaa kuona barua wakati simu zipo. Kaka, simu imenichosha. Tangu Idd nimekutumia sauti tano, na kila moja umenijibu inshaallah na viganja viwili vya dua. Viganja vyenyewe ni vya rangi ya manjano, hata si vyako. Basi nimeandika kwenye karatasi, na nimempa Mufaddal mwenye duka la Chake Chake, anavuka kuja huko Unguja kufuata bidhaa. Nimemwambia asikuache mpaka aone umeifungua.

Ombi langu nakuambia mapema, usije ukachoka njiani. Nataka uje Wambaa ukae na mama. Sisemi uje kumtazama, ulete tende na kanga, upige picha naye, kisha Jumapili uwahi meli. Nasema ukae. Na uwe umefika kabla ya tarehe ishirini na sita Oktoba. Usiniambie kazi. Wewe ni fundi wa mafriji, na mafriji ya Mkoani nayo yanaharibika. Kwa nini tarehe hiyo, nitakueleza, lakini kwanza nikwambie jambo lililonimaliza subira, maana bila ya hilo utadhani dada yako ameamka vibaya.

Mwezi wa Juni nilikuwa nafundisha Kidato cha Nne mada ya idadi ya watu. Unaikumbuka, ile yenye piramidi: chini watoto wengi, katikati vijana na watu wazima, juu wazee wachache. Kitabu kinasema kuna nchi za mbali ambako watu wamezeeka, watoto hawazaliwi, na wazee hawana wa kuwaangalia. Kisha kinasema sisi huku tunaongezeka, tuna vijana tele. Yupo mwanafunzi wangu anaitwa Moza, binti wa kuuliza, hakubali kitu kikapita hivi hivi. Akanyoosha mkono akauliza Wambaa tupo upande gani. Ningemjibu kwa maneno ya kitabu yakaisha. Mimi kwa ujuaji wangu nikasema twendeni tukahesabu.

Nikawagawia nyumba sitini za jirani na skuli. Waandike majina, umri, mwanamme au mwanamke. Nikawafundisha swali la kuuliza: nyumba hii mna watu gani? Swali hilo ndilo kosa langu, na ilinipasa kuliogopa, maana mimi si mgeni wa hapa. Lakini mtu akishika chaki hujisahau.

Shida ya kwanza ilikuwa watoto. Hakuna mama aliyekubali kuwataja kwa idadi. Wakiulizwa wangapi, jibu lilikuwa wapo, alhamdulillah, na mlango unarudishwa nusu. Ikabidi wanafunzi wangu wahesabu wenyewe kwa macho, na watoto wa Wambaa hawatulii. Shida ya pili ilikuwa wazee. Mmoja kazaliwa mwaka karafuu zilipozaa hadi matawi yakakatika, mwengine kazaliwa mwaka uliofuata, na watu wote wa makamo ya babu wametimia themanini kamili, hakuna wa sabini na tisa wala wa themanini na moja. Nikasema haidhuru, tutakisia.

Wakachora. Kaka, ilitoka piramidi nzuri kuliko ya kitabu. Chini pana, katikati imejaa, juu imechongoka. Mwalimu Mkuu wetu, Mwalim Mabruki, akafurahi, akasema itundikwe ofisini maana mkaguzi yuko njiani. Mimi nikaitazama ile katikati iliyojaa nikajiuliza hawa wanaume wote wa miaka thelathini wapo Wambaa ipi. Ijumaa msikitini safu ya nyuma wanajaza watoto. Juzi lilikuwako jeneza, wabebaji walikuwa wazee wanaopokezana kila hatua ishirini. Hao vijana walikuwa wapi?

Nikazichukua karatasi nikazisoma moja moja. Wa kwanza, Yussuf Nyange, miaka thelathini na minne, yupo. Yussuf yuko Mombasa mwaka wa tisa huu! Anayefuata yupo, na yeye yuko Tanga. Anayefuata yupo, na yuko Maskati anaendesha gari. Nikamwita Moza nikamfokea, na namshukuru Mungu hakulia. Akanijibu kwa adabu kwamba yeye aliuliza kama nilivyomfundisha, na wenye nyumba ndio waliosema yupo.

Nikawarudisha na swali jingine: jana usiku nani kalala humu? Hapo ndipo nilipoupata ugomvi. Nilikwenda mwenyewe kwa Mzee Nyange kwa sababu alimrudisha Moza mlangoni. Nikamkuta amekasirika kweli. Nikamweleza kwamba hatumwondoi Yussuf kwao, ni hesabu ya skuli tu. Akasema: "Anakolala ni shughuli yake, mwalimu. Kwao ni hapa." Na mkewe akanionyesha chumba. Kitanda kimetandikwa, chandarua kimefungwa fundo, viatu vya ngozi chini vimepigwa rangi. Miaka tisa mtu anapiga rangi viatu vya asiyekuwapo, na maji ya kunywa huyo bibi anachotewa na jirani kwa sababu mgongo haumruhusu. Wallahi nilitaka kukasirika na sikujua nimkasirikie nani.

Piramidi ya pili ikatoka. Chini watoto, tena wengi, kwa sababu walioondoka wanawaleta wana wao kwa bibi zao. Juu wazee, na wanawake ndio zaidi. Katikati hamna kitu. Imeliwa kama muhogo uliogugunwa na panya. Wanaume wa miaka ishirini na tano mpaka arobaini na tano, katika nyumba sitini, tulipata tisa. Wanawake kumi na tisa. Mwalim Mabruki alipoiona akasema wanafunzi wamekosea, hakuna watu wenye umbo hilo, tuitundike ile ya kwanza inayofanana na kitabu. Tulibishana mpaka kengele ikagonga. Mwisho kaitundika ile ya kwanza, na mkaguzi kaja, kaisifu, kaondoka.

Lakini darasani nilibandika ya pili. Moza akaisogelea, akaweka kidole pale katikati pembamba, akauliza hawa wachache ndio wanaowaangalia wote hao, wa juu na wa chini? Nikamwambia ndio, na kitabu kina jina lake, kinaita uwiano wa utegemezi, ni vizuri ulikariri kwa mtihani. Sikumwambia kwamba mimi nauita Rahila, jina langu mwenyewe. Rahila ndiye anayeamka alfajiri kumchemshia mama maji, kumpaka dawa magoti, kumtia matone ya macho, kwenda skuli, kurudi mapumziko kumtazama, kurudi skuli, na Jumamosi kumpeleka Chake kupima presha. Nyinyi ndugu zangu wanne mna kazi ya kuuliza hajambo?

Sasa nisikilize vizuri. Nyumba yetu ilikuwa katika fungu la Moza. Karatasi yake nilikuwa sijaisoma, nikiona haya kumkagua mama yangu. Siku ile jioni nikaitafuta nikaisoma. Mwenye nyumba, Bi Mkubwa, miaka themanini, kama wenzake. Chini yake: Hafidh, yupo. Jabir, yupo. Asma, yupo. Talib, yupo. Mstari ukapigwa, basi. Wewe uliyeko Unguja, Jabir wa Maskati, Asma aliyeolewa Tanga, Talib ambaye hata sijui mwezi huu yuko Mombasa au Malindi, nyote mmo. Mimi simo.

Nikamuuliza Moza, kwa upole safari hii. Akainama. Akasema alimuuliza bibi, na mwalimu je? Bibi akamtaka amsomee alichoandika, akamsomea, na bibi akasema ndio hao.

Nilikwenda nyumbani nimefura. Nilidhani mama ameanza kupoteza kumbukumbu. Nikamkuta anachagua mchele kwa vidole, maana jicho la kushoto halioni tena. Hilo nalo sikukwambia. Nilikwambia linawasha. Na ile Juni niliyosema kateleza kidogo chooni, alianguka, kaka, akalala pale chini muda wa saa mbili mpaka nilipotoka skuli. Nikamkalia mbele nikamuuliza mimi ni nani. Akacheka. Akaniita kwa jina langu na la baba, akaniambia nimetoka skuli na njaa. Nikamuuliza basi kwa nini hakunihesabu.

Akasema: "Hao ndio ninaowaombea kila magharibi, wameshakaa ulimini. Wewe nakuona, mwanangu. Nikutaje kwa nini?"

Nimeishi naye miaka thelathini na minane, na sikuwahi kusikiliza nani anatajwa. Nilicheka naye pale, kisha nikaenda jikoni nikalia kwa hasira, tena hasira ya kitoto, ya kutaka kuvunja kitu. Nikavunja kijiti cha ufagio. Nyinyi mnaombewa kwa majina kwa sababu mmeondoka. Mimi nimebaki, basi nimekuwa kama mlango au mtungi, vitu ambavyo havitajwi mpaka vipotee.

Sasa nifike kwenye tarehe, na hapa nikuombe radhi kabla sijasema, kwa sababu kosa langu limo. Mwaka juzi nilikwambia niliomba nafasi ya kusoma shahada huko Unguja na jina langu halikutoka. Mwaka jana nikakwambia tena halikutoka. Mkanipa pole nyote, Asma akalia simuni. Kaka, jina lilitoka mara zote mbili. Nilikataa mwenyewe, kwa sababu ya mama, na sikumwambia mtu. Kisha nikakaa nikiwakasirikia kwa kunibebesha mzigo ambao hamkujua kama nimeuchukua. Mlipouliza hali yake nikasema hajambo, mkaamini, nami nikawachukia kwa kuamini. Hilo ni langu. Nisamehe.

Mwaka huu jina limetoka mara ya tatu, na nimeambiwa hakuna ya nne. Nimetia saini. Chuo kinafunguliwa Jumatatu ya tarehe ishirini na nane Oktoba, miaka mitatu, na ruhusa ya kazini ninayo mkononi. Mama kuja huko hataki, nimemuuliza kwa njia zote. Anasema hawezi kufia kwenye nyumba ya ngazi. Kumwacha na jirani siwezi, na jirani mwenyewe ana sabini. Nilitaka kukuomba ushauri. Baadaye nikaona ushauri nimeshauomba tangu Idd, nikajibiwa kwa viganja vya manjano.

Juzi Alhamisi, baada ya laasiri, nikamwambia mama. Nilijitayarisha kwa kilio, nikawa na maneno tele. Hakulia. Akauliza ni miaka mingapi, nikamwambia. Akauliza huko chuoni tunalala wangapi chumba kimoja, na kama kuna feni. Akasema soma mwanangu, mimi nipo. Akaendelea kufuma kifuniko chake, anafuma kwa kupapasa.

Magharibi alipomaliza kuswali nilikuwa nimesimama mlangoni pa chumba chake na kikombe cha chai, nasubiri amalize dua nimpe. Safari hii nikasikiliza. Akakutaja wewe na wanao. Akamtaja Jabir. Akamtaja Asma na mumewe. Akamtaja Talib, akakaa kwake kidogo. Nikadhani ameshamaliza, nikainua mguu niingie. Akasema, na Rahila, ya Rabbi, umrudishe salama.

Sikuingia. Chai ilipoa mkononi, na mimi bado nilikuwepo, hatua tatu nyuma yake.

Mpe salamu wifi, mwambie namkaribisha na yeye, vyumba vipo, na watoto skuli ya hapa ninaijua vizuri. Mwambie Mufaddal kama umeisoma yote, yeye ataniambia. Majirani wote wanakusalimu, Mzee Nyange amenisamehe. Mungu akuweke, akulete. Wassalaam.

Mdogo wako,
Rahila