Mstari wa Juu Ubaoni

Neiafu, Vava'u,
Tonga.
16 Mei 2011

Mpendwa wifi yangu Kalolaine,

Nakusalimu katika jina la Bwana. U hali gani huko Sydney, na koo lako je? Ulisema baridi imeanza; jifunge shali, usione haya. Sisi hatujambo. Mguu wangu bado unavimba nikisimama sana, lakini mwaka huu sijakosa kanisa hata Jumapili moja.

Vika mwanangu amejifungua mtoto wa kike, kilo nne. Akilia, majirani wanasema huyu kamfuata shangazi wa mama yake.

Barua yako na tiketi mbili zimefika. Kusikia kwamba Agosti unaimba opera yako ya mwisho, baada ya miaka tisa ya Ujerumani na kumi na mitatu ya hapo Sydney, nililia kidogo, kisha nikafurahi, maana utapumzika. Ila lile swali lako la mwisho limenikosesha raha. Umeuliza kama ni mila tu inayomzuia kaka yako kuja kukusikiliza, au ni sauti yako isiyompendeza.

Mila unaijua kama mimi. Kaka hakai na dada yake panapotajwa mapenzi, sembuse kumtazama jukwaani akibusiwa na mtu mwenye ndevu za kubandika. Ile picha yako ya gauni jekundu, mabega wazi, naiweka kabatini chini ya mashuka. Redio ya Australia ikitangaza kwamba unaimba, kaka yako Siosaia husimama, huvaa kofia, husema anakwenda kulisha nguruwe. Miaka yote hiyo. Wenzake kwenye kikao cha kunywa kava humtania. Taniela, yule fundi wa mashua, alimwambia mbele ya watu, "Ee bwana, kila dada'ako akiimba nguruwe wako wananenepa. Dunia nzima hakuna nguruwe walioifaidi opera kama hao!" Siosaia alicheka tu, akanyoosha kikombe chake aongezewe.

Sasa sikia, wifi. Jumamosi moja ya Machi, mchana, walitangaza lile tamasha lako la Melbourne, wewe na piano tu. Kofia, nguruwe, kaenda. Nageuka, ndoo ya maganda hii hapa mlangoni! Nikasema, mzee kasahau. Nikaibeba na mguu wangu huu mpaka nyuma.

Nguruwe walikuwa wanapiga kelele za njaa. Mwenyewe yumo ndani ya banda la nazi, kiredio kimefungwa kwenye nguzo, na mbele yake ubao wa zamani wa kwaya, ule wenye ufa, ambao juu yake alikushika mkono ukiwa na miaka sita akakufundisha tarakimu za kuimbia, kutoka tatu hadi tisa, kila moja na noti yake. Ubao umejaa. Anasikiliza, anaandika, anafuta kwa kiwiko, anaandika tena.

"Baba Vika," nikasema, "ndiko kulisha nguruwe huku?"

Akaruka kama mwizi wa kuku. "Mama Vika! Unanyatia watu?"

"Si wimbo wa mapenzi huo?"

"Kijerumani mimi sikijui. Tazama mwenyewe, neno hakuna hata moja, tarakimu tupu. Maneno ni yao waliotunga. Sauti ni ya dada yangu." Kisha akaniinulia kidole ninyamaze. "Hapo, umesikia? Mapigo kumi na moja hajavuta pumzi. Hilo nilimfundisha mimi."

Nikaweka ndoo chini nikaondoka. Sikumwambia mtu, hata mchungaji.

Jumapili ya kwanza ya mwezi huu ilikuwa sikukuu ya watoto, wote wamevaa nyeupe kama kawaida. Kwaya ikaleta wimbo mpya, maneno ya kumshukuru Mungu aliyotunga Siosaia. Mstari wa pili tu nikautambua. Ni ule ule wa bandani! Lakini ulipofika katikati, wanawake wa sauti ya kwanza walifunga midomo. Wakabaki wa sauti za chini peke yao. Mke wa mchungaji aligeuza shingo, kofia ikamkaa upande.

Mchana tukila lu, nyama yetu ya Jumapili iliyofungwa kwa majani, nikamwuliza mume wangu kama wale wanawake walisahau. Akasema, "Hawakusahau. Mstari wa juu nimeuacha wazi. Una mwenyewe."

Basi nikamsomea swali lako. Akasukuma sahani pembeni, akasema nikuandikie haya yote, hata ya nguruwe.

Kwa hiyo jibu ndilo hili. Sydney haji, tiketi yake imo ndani ya bahasha, mpe mwingine. Mimi nitakuja, ingawa sijawahi kupanda ndege, na gauni nimeshashona. Ameniagiza jambo moja tu: nihesabu kwa vidole pale unapobana pumzi, nimletee hesabu. Ukishamaliza kazi ya watu, uje nami nyumbani. Kanisani kaka na dada huimba pamoja, na hakuna mila inayovunjika. Ubao umeletwa sebuleni, wageni wote wanauona, na huo mstari wa juu bado mtupu.

Shangazi Losaline anakusalimu, Vika na mwanawe pia, na Taniela anauliza habari za nguruwe wa Sydney. Mungu aliyekupa pumzi azidi kukutunzia mpaka tuonane.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye siku zote,
Fusi

Nilikuwa nafunga bahasha, Siosaia kaomba kalamu. Anasema tarakimu hizi nne ni za kuanzia mstari wa juu tu, zilizobaki ni zako:

7 8 7 5