Trena Mwerevu Anayekunjika

Tarehe 9 Machi, mwaka wa tatu tangu niwaache

Mdogo wangu Kiberenge,

Pokea salamu nyingi za kaka yako. Natumaini goti linaendelea vizuri na sasa unapanda ngazi bila kushika ukuta. Mama mpe shikamoo zangu. Mimi ni mzima, ukiondoa mgongo, ambao tangu wanihamishie kwenye vigae umekuwa na maoni yake kuhusu kila jambo.

Sasa tugombane kidogo. Wewe ndiye uliyesoma, mimi niliishia darasa la sita. Kwa nini basi uniandikie nikutafutie “trena mwerevu wa bei nafuu, awe anakunjika, asiwe na kelele, asizidi uzito wa begi moja”? Mwerevu ni mtu! Ungesema trena nyerevu, iwe inakunjika, ningejua ni chuma. Nikatoka kazini na vumbi langu mpaka ukumbi wa mazoezi, nikamwambia bwana mmoja mwenye mikono kama mapaja kwamba natafuta trena mwerevu wa mdogo wangu. Akasema nimefika, trena wa kufundisha mazoezi ni yeye. Nikamwuliza kama ana kelele, akajibu kwamba huwa hagombezi wanafunzi. Nikamwuliza kama anakunjika; akainama akashika vidole vya miguu, watu wakampigia makofi. Nilipomwuliza ana kilo ngapi ndipo akataka kujua kama nimekuja kufanya mazoezi au kununua ng'ombe.

Fundi bomba ninayeishi naye chumba kimoja alicheka mpaka akapaliwa. Ndiye aliyenieleza kwamba trena yako ni chuma cha kufungia baiskeli ndani ya nyumba, ukanyage bila kwenda popote, nacho kinasemezana na simu: mlima ukitokea kwenye kioo, pedali zinakuwa nzito. Nikamwuliza, yaani mtu analipia mlima? Mimi vigae navipandisha ghorofa ya tano, tena wananilipa wao.

Dukani muuzaji alinitazama viatu kwanza, uso baadaye. Akanionyesha aina mbili. Moja unatoa gurudumu la nyuma, baiskeli inakaa juu ya mashine yenyewe. Hiyo ni kimya kama paka na kipimo chake cha nguvu hakikosei sana, lakini gia za nyuma hazimo, unazinunua kando. Nikamwambia huko ni kuuziwa sufuria bila kitako. Ya pili gurudumu linabaki mahali pake, linazungusha rola. Inanguruma, inakula tairi, na vipimo vyake ni vya kukisia, ila inakunjika na inafaa baiskeli kama yako bila kuongeza gia. Nikauliza kama kuna cha kulipia tena. Akasema ipo ile programu ya milima, kila mwezi. Nikashusha pumzi. Ndipo akanong'ona kwamba kuna nyingine ya bure, haina mandhari nzuri tu. Mbona hakuanza na hiyo?

Nimechukua ya pili, iliyotumika kidogo. Usininunie. Tafuta lile tairi gumu la mazoezi ya ndani, maana la barabarani litaisha kama sabuni.

Hapa funga mlango kama Mama yuko karibu. Kabla sijaenda dukani alinipigia simu. Alisema tangu lori likutupe mtaroni, akisikia breki anashika kifua, na akaniomba nikuambie vyuma hivyo huku havipatikani. Nikamwambia lori haliingii chumbani. Akanijibu kwamba anayenoa panga ndani hanoi ili alale nalo. Utapata nguvu, utachaguliwa kwenye timu ya mbio za baiskeli, utarudi barabarani. Akalia. Nikamwahidi. Kweli, mdogo wangu, nilikwenda dukani kutafuta maelezo ya kupambia uongo tu.

Muuzaji ndiye aliyeniharibia. Alinipandisha nijaribu. Mlima ukaja, nikatukana, nikakanyaga, na mlima ulipokwisha nikamwambia auweke tena. Tangu nifike huku nimechoka kwa ajili ya majengo ya watu. Siku ile nilichoka kwa ajili yangu mwenyewe. Nikaelewa unachotuomba miezi yote hii, na nikaona kwamba siwezi kukunyima kisha nikuite mdogo wangu.

Lakini Mama bado anaamini nimetimiza ahadi. Nikiituma kama mzigo, ataufungua uongo wangu mlangoni akiwa peke yake, na hasira zote zitakuangukia wewe. Kwa hiyo naileta mwenyewe. Msimamizi alinikatalia likizo mara mbili; ya tatu akachoka kunisikia. Usimwambie Mama neno. Nitamwambia mimi, uso kwa uso, na akitufukuza, atufukuze wote wawili.

Wasalimie majirani, na umwambie shangazi kikohozi hakiponi kwa kukilalamikia. Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa nne, Mungu akipenda, nitakuwa mlangoni kwenu.

Ni mimi kaka yako,
Mbeba vigae