Filamu ya Kifo cha Musembi

Jumatatu, 1 Agosti 1988
Bwana Mutunga amekuja Kasikeu kutoka Nairobi. Anataka kutengeneza filamu kuhusu kifo cha kaka yangu Musembi, mwigizaji wa televisheni. Miezi kumi tangu tumzike! Polisi waliandika: mlevi, alianguka barabarani Kambu, akakanyagwa na lori. Mlevi! Mtu aliyeokoka tangu darasa la saba! Nimekubali kwa sharti moja — filamu iwaonyeshe wale wanaume wawili waliomchukua.

Alhamisi, 4 Agosti
Tumefika Kambu kwa Abukar, mwenye hoteli. Amerudia yale aliyonieleza mwaka jana: Musembi alikunywa chai kwake, chai tu, akaitwa nje na wanaume wawili, akaingia gari lao. Kwa polisi hasemi ng'o, ana watoto. Kwenye filamu, sawa, bora jina lake lisitajwe. Nimelia njia nzima. Angalau itasemwa!

Jumamosi, 13 Agosti
Sasa kuhusu mama. Musembi alikufa kwenye televisheni mara tatu — sumu, nyoka, risasi. Ile ya sumu mama alipiga nduru dukani kwa Nzilani hadi televisheni ikazimwa. Krismasi Musembi huyo, mzima, na mkate na blanketi, anacheka. Tangu hapo mama hadanganywi! Na mwaka jana jeneza lilikuja limefungwa. Uso uliharibika, wazee wakamkatalia kumwona. Hajalia hata siku moja. Anasema Musembi ana kazi nyingi. Mimi ndiye niliyesema tumwache aamini hivyo. Nilimwonea huruma. Kosa langu.

Jumatano, 17 Agosti
Naandika haraka.
Leo wanapiga picha ya mazishi ya filamu, hapa hapa nyumbani. Nilimpeleka mama kwa Syombua wa kanisani ashinde huko. Saa saba amerudi! Kijana anayeigiza Musembi alikuwa ndani ya jeneza, amevaa koti la Musembi. Nililitoa mimi. Bwana Mutunga akasema imetosha, kijana akainuka.
Mama hakushtuka. "Aiiya! Si niliwaambia?" Macho yake yana mtoto wa jicho, anaona koti tu. Akamshika mkono, akamwuliza mbona amekonda hivyo, Nairobi hakuna chakula?
Kamera haikuzimwa. Nilimwambia Bwana Mutunga azime. Akanong'ona kwamba hii ndiyo filamu yenyewe, na nikimfukuza leo, wale wanaume wawili hawataonekana popote. Nikamwacha aendelee. Mungu anisamehe, nikamwacha.
Niko jikoni. Kijana wa watu anakula muthokoi uliobaki jana. Kila kijiko ananitazama mlangoni, anangoja nimwambie mama ukweli. Mama analia, miezi kumi yote kwa mara moja, lakini kwa furaha! Ananiita. "Ndinda, tandika kitanda cha kaka yako, amechoka."
Shuka ninazo mkononi. Ananiita tena —