Uzi wa Kijani wa Mzee Shitanda

Jumamosi, 8 Mei 1971

Dishon tena! Ameshinda tena, na mkasi kapewa yeye. Mzee Shitanda alimkabidhi kwa mikono miwili kama anayemwapisha chifu. Dishon akakata uzi, akatusomea sura ya mwisho kwa sauti ya puani, na kweli — muuaji ni dada mkubwa. Mimi nilikuwa nimemtaja mwendesha farasi. Mwendesha farasi! Aibu.

Uzi ndio sheria yetu. Mzee alikuwa fundi cherehani, na Mzungu mmoja aliyekuwa mteja wake alimwachia sanduku zima la hadithi za upelelezi aliporudi kwao. Uingereza ya zamani ile, ya taa za gesi na magari ya farasi. Tunasoma kwa zamu hapa verandani kwake, Kaloleni. Sura ya mwisho Mzee anaishona kwa uzi wa kijani ili mtu asichungulie. Kisha kitabu kinakaa kwa Agneta wiki nzima, maana yeye ni nesi na sisi wanaume hatuaminiki. Jumamosi kila mtu anamtaja mshukiwa wake. Mzee, aliyeusoma mwisho kabla ya kuushona, anasema nani kapatia; huyo anakata uzi na kwenda nao nyumbani.

Nyuzi zangu nimezitia kwenye mkebe wa mafuta ya Kimbo. Nilikuwa bingwa! Mpaka huyu Dishon wa kiwanda cha sukari alipoanza kuja na pikipiki yake kutoka Muhoroni, ananuka molasi.

Na Agneta anavyocheka naye, kwa Kiluhya chao. Zamani akinimiminia chai alikuwa ananiuliza mimi juu ya watu wa kitabuni, "Ouma, huyu daktari unamwonaje?" Namfafanulia polepole, anatikisa kichwa. Leo nimemsikia anamwuliza Dishon: "Huyu dada mkubwa unamwonaje?" Yaani amebadilisha mwalimu.

Jumapili, 9 Mei

Kanisani sikusikia neno. Nina wivu. Niandike tu, nani atasoma hapa?

Baba mdogo Ogola ameuliza kama safari ya Desemba bado ipo. Nilishamwambia ajiandae, twende kwa kina Agneta tukajitambulishe. Agneta mwenyewe sijamwambia. Nilikuwa nangoja nishinde vitabu vichache zaidi.

Jumatatu, 10 Mei

Mashine ya chapa imepotea ofisini. Wote tunamjua aliyeichukua, hakuna anayefungua mdomo. Ndiyo maana navipenda vitabu vile. Ukungu wao uwe mzito vipi, mwishoni mtu anatajwa kwa jina, mbele ya wote, na chai inaendelea.

Dishon anadanganya. Mtu hawezi kutoka kwenye miwa na kumjua dada mkubwa hivihivi.

Jumatano, 12 Mei

Nimempelekea Agneta nyumbani kwake ngege wawili, samaki wa Dunga. Alifurahi — "Aii, Bwana Ouma, mbona umejisumbua!" — akaingia jikoni. Kitabu cha Jumamosi hii kilikuwa mezani. Sikukifungua! Niliangalia uzi tu.

Mzee Shitanda anashona moja kwa moja, fundo mwanzo na fundo mwisho. Huu una fundo kila mshono. Mshono, fundo, kata. Mshono, fundo, kata. Rangi ni ileile ya kijani, na Mzee siku hizi haoni kitu cha karibu.

Lakini mimi huo ushonaji naujua. Ninao mkononi! Mwaka juzi nilipoanguka na baiskeli Katito, mkono wa kushoto ukapasuka, aliyenishona ni Agneta. Ndivyo tulivyojuana. Hivyohivyo: mshono, fundo, kata.

Kwa hiyo ni yeye anayefumua. Anasoma mwisho, anashona upya, kisha anampa Dishon jibu kwenye kikombe cha chai. "Unamwonaje." Kumbe!

Aliporudi na sahani nilikuwa natabasamu. Akauliza kuna nini. Nikasema samaki ni wazuri.

Nimewakamata. Kabla ya mkasi kutolewa, Mzee huuliza, "Kuna mwenye neno juu ya uzi?" Hakuna aliyewahi kujibu. Jumamosi nitajibu mimi. Na Dishon arudi kwenye miwa yake.

Alhamisi, 13 Mei

Nimefungua mkebe wa Kimbo. Nilitaka tu uzi halisi wa Mzee, niwaonyeshe tofauti.

Uzi mrefu upo mmoja. Ni wa kitabu cha kwanza, kabla Agneta hajajiunga nasi. Zingine zote ni vipande vifupi vifupi, kila kimoja na fundo lake.

Yawa, jamani.

"Huyu daktari unamwonaje?" Na muuaji alikuwa daktari. "Huyu mjane unamwonaje?" Alikuwa mjane. Nami namfafanulia! Kidole juu!

Alikuwa ananipa mimi. Miezi yote ile alikuwa ananipa mimi, nami nikidhani ni kichwa changu. Hata asante sikusema. Sasa anampa mwingine.

Bora ningebaki na wivu wa jana.

Ijumaa, 14 Mei

Nimekula ugali mkavu.

Jumamosi, 15 Mei

Naandikia gotini, verandani. Mzee anatafuta miwani, na miwani iko kwenye paji la uso wake.

Agneta amepita na birika. Kwangu kasema, "Sukari nimeshaweka." Basi. Nilingoja. Hakuongeza kitu.

Sasa amemwinamia Dishon. "Huyu mtunza bustani unamwonaje?"

Na Dishon anamfafanulia. Polepole. "My sister, sikiliza, hiyo ni simple sana" — na kidole kakiinua. Agneta anatikisa kichwa kama mwanafunzi, na macho yake hayatoki usoni mwa mjinga yule. Na mimi aliniangalia hivyo? Mimi nilikuwa naangalia wapi?

Nikitaja mtunza bustani, nimeshinda. Nikisema la uzi, Dishon ameanguka. Na Agneta naye, mbele ya Mzee aliyemwamini.

Mzee ameiona miwani. Mkasi uko mezani. Anauliza kama kuna mwenye neno juu ya uzi.

Naandika kwa mkono wa kulia. Wa kushoto uko juu, sijui nimeuinua saa ngapi. Mkono wa shati umeteleza mpaka kiwikoni na kovu liko wazi, mishono yake yote. Agneta ameliona, kisha kautazama uzi wa kitabu. Ameweka birika chini —