Mishiko ya Pikipiki ya Baba

4 Juni

Binti yangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ni magoti tu yanayolalamika. Na wewe, unakula au bado unaishi kwa chai?

Mzigo ulionitumia umefika. Jana fundi alikuja kuifunga hiyo mishiko ya kupasha mikono joto kwenye usukani wa pikipiki ya baba yako. Karatasi ya maelekezo aliikalia, akasema ni ya wasiojua kazi. Mipira ya mishiko ya zamani nimemkataza kuitupa. Wa kushoto umelika nusu ya ndani tu, pale vidole vitatu vya baba yako vilipokuwa vinashika. Unajua viwili vya mwisho aliviacha kwenye msumeno wa mbao.

Sasa usinicheke. Leo alfajiri nimeitwa kuzalisha. Nimeshika usukani kabla sijatia ufunguo, nikakuta una joto. Unakumbuka baba yako alivyokuwa anazunguka na pikipiki uani kwanza, ananikabidhi mishiko imeshapata joto la viganja vyake? Na huu wa kushoto una joto kwa ndani tu, mwishoni baridi. Nimelia hadi nikachelewa.

Mama yako

15 Juni

Mama, shikamoo,

Huku sijambo, na nakula. Wewe pole na magoti.

Sikucheki, mama. Lakini vitu hivi ndivyo ninavyouza kila siku. Fundi ameunga waya mwekundu moja kwa moja kwenye betri, na wewe swichi huizimi. Kwa hiyo mishiko inawaka usiku kucha. Waya huo unatakiwa upate umeme pale tu unapotia ufunguo. Huko mwishoni kwenye baridi labda gundi ya kubandikia mshiko ilizidi. Mwambie fundi auhamishe huo waya kabla betri haijakufa ukakwama mlimani na mtu ana uchungu.

Mwanao

2 Julai

Binti yangu,

Natumaini hujambo. Mimi nipo, lakini sina raha.

Fundi sikumwambia. Niliona bora betri ife kuliko kukuta mishiko ya baridi. Basi juzi pikipiki ikagoma kuwaka. Nimepanda mlima kwa miguu na mkoba wangu, nikakuta mtoto ameshazaliwa, bibi yake amemfunga kitovu kwa uzi wa kushonea. Wote wawili wazima, namshukuru Mungu. Yule mzazi hakunilaumu, alinitazama tu, na mimi nikakosa pa kuweka uso.

Jana nimenunua betri nyingine na fundi ameuhamisha waya. Nilisimama pale pale nikimwangalia, nikahisi kama tunamzika baba yako upya.

Mama yako

12 Julai

Mama, shikamoo,

Pole sana. Umefanya la maana, hata kama limekuuma. Nami limeniuma, maana nilikuandikia habari za waya kana kwamba wewe ni mteja.

Naomba uniambie kitu kimoja: asubuhi mishiko ni baridi sasa? Nataka kuhakikisha fundi hakukosea tena. Nimewasha mishiko kama hiyo hapa dukani, nikaipapasa yote. Inapata joto mwanzo hadi mwisho, hata penye gundi. Ile habari ya gundi niliisema tu ili niwe na la kusema.

Mwanao

25 Julai

Binti yangu,

Salamu. Magoti yametulia.

Fundi hakukosea. Amepima mbele yangu, ufunguo ukitoka hakuna umeme unaopita. Betri imejaa, na sijachelewa kwa mzazi yeyote.

Mshiko wa kulia asubuhi ni baridi kama bomba. Wa kushoto ni baridi mwishoni. Kwa ndani, upana wa vidole vitatu, una joto. Nimeugusa leo, nimeugusa jana, na juzi nilimwita jirani naye akaugusa, akaondoa mkono haraka, akaenda zake bila kuaga.

Siogopi. Ila usinitafutie waya mwingine.

Mama yako

6 Agosti

Mama, shikamoo,

Barua yako nimeisoma dukani, nimesimama. Sina maelezo, na sitayatafuta.

Kesho ukitoka, kabla hujatia ufunguo, mpe baba shikamoo yangu.

Mwanenu